Sentipolia: Mmea Uzaliwao na Jani Moja

Bila shaka umewahi kuwasaidia wazazi wako kupanda mazao. Mahindi na maharage hupandwa kwa mbegu. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina. Viazi vitamu hupandwa kwa marando, na mgomba hupandwa kwa chipukizi lililoota kando ya shina la mama yake. Lakini je, umewahi kumwona mtu akipanda jani?

Ukichuma jani la mwembe na kulichomeka ardhini, litanyauka na kuoza. Jani la mpera halikadhalika. Hata hivyo, uko mmea mdogo wa nchi yetu ambao jani lake moja, likichomekwa udongoni na kutunzwa vema, huota mizizi na kuzaa mmea mzima. Mmea huo huitwa sentipolia.

Sentipolia hupandwa katika vyungu na kuwekwa madirishani katika nchi nyingi za dunia. Watu wengi huupenda kwa majani yake laini na maua yake ya urujuani. Lakini huko msituni, mahali ulipozaliwa, mmea huu sasa ni adimu. Katika somo hili utajifunza jinsi sentipolia ilivyo na mahali inapoota, namna ya kuiotesha kwa jani na kuitunza, na sababu zinazotupasa kuilinda.

Maumbile ya sentipolia

Sentipolia ni mmea mfupi. Shina lake ni fupi mno, hata mara nyingi halionekani. Majani huota kulizunguka shina hilo na kutandaa pande zote mfano wa sahani. Kila jani lina kikonyo kirefu kinacholishika. Ukiligusa jani utaona kwamba ni nene, lina majimaji ndani yake, na limefunikwa na vinyweleo vidogo. Upande wa juu jani ni la kijani. Upande wa chini huweza kuwa na rangi nyeupe ya kijani au wekundu kidogo.

Maua huchomoza katikati ya majani. Ua la sentipolia ya msituni kwa kawaida ni la rangi ya urujuani au buluu. Lina sehemu tano zilizoungana chini: mbili za juu ni ndogo, na tatu za chini ni kubwa zaidi. Katikati ya ua mna vifuko viwili vya manjano. Ndani ya vifuko hivyo mna chavua. Nyuki huja na kuitikisa chavua itoke, kisha huichukua na kuipeleka katika ua jingine. Baada ya uchavushaji, tunda dogo kavu hufanyika, nalo huwa na mbegu nyingi ndogo kama vumbi.

Kwa hiyo sentipolia ina njia mbili za kuzaana: kwa mbegu na kwa jani. Kumbuka jambo hili, kwa sababu tutalirudia mwishoni mwa somo.

Mahali inapoota

Mkulima hodari hujiuliza kwanza, “Mmea huu kwao ni wapi, nao huishije huko?” Nasi tuanze kwa swali hilo.

Sentipolia za msituni huota Tanzania na Kenya tu. Katika Tanzania huota zaidi katika misitu ya milima ya mashariki, kama vile Usambara, Nguru na Uluguru. Nyingine huota kwenye miamba ya chokaa iliyo karibu na mji wa Tanga. Katika Kenya huonekana katika Milima ya Taita na katika sehemu za Kilifi. Baadhi ya aina zake huota mahali pamoja tu duniani, pengine kwenye kilima kimoja au bonde moja.

Sasa fikiri kwamba unatembea ndani ya msitu wa Usambara ya Mashariki. Upepo utokao Bahari ya Hindi huleta mawingu na mvua, na hewa ina unyevu karibu siku zote. Miti mirefu imefungamana juu ya kichwa chako, hata jua halifiki chini isipokuwa kwa vipande vidogo vya nuru. Kando ya kijito pana mwamba mkubwa uliofunikwa na kuvumwani. Katika nyufa za mwamba huo umejikusanya udongo kidogo mweusi, uliotokana na majani yaliyooza. Hapo ndipo sentipolia inapoota.

Angalia vizuri mahali hapo, nawe utajifunza mambo manne. Kwanza, sentipolia hupata nuru, lakini haipigwi na jua kali. Pili, hewa inayoizunguka ina unyevu. Tatu, udongo wake ni kidogo, ni mwepesi, na una mboji. Nne, mvua inyeshapo maji huteremka kwenye mwamba na kwenda zake; hayatuami kwenye mizizi. Mtu ayajuaye mambo haya manne amekwisha kujua zaidi ya nusu ya utunzaji wa sentipolia.

Jinsi ilivyofika katika nchi nyingine

Wenyeji wa milima yetu waliishi karibu na mmea huu tangu zamani. Mnamo mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, mtawala wa wilaya katika sehemu za Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire. Aliuona mmea huu, akampelekea baba yake huko Ujerumani. Baba yake alimwonyesha mtaalamu wa mimea aitwaye Hermann Wendland, aliyesimamia bustani kubwa katika mji wa Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliupa mmea huo jina la kitaalamu kwa kufuata jina la ukoo wa mtawala yule. Ndiyo sababu tunauita sentipolia.

Mwaka 2015, baada ya wataalamu kuchunguza urithi wa mimea hii, waliiingiza sentipolia katika kundi kubwa zaidi la mimea iliyo jamaa yake. Hata hivyo, watunzaji wa bustani wanaendelea kuiita kwa jina la zamani.

Kutoka Ujerumani mmea huu ulienea Ulaya, na katika miaka ya 1920 ulianza kukuzwa kwa biashara nchini Marekani. Wakulima wa maua walichagua mimea yenye sifa walizozipenda na kuizalisha. Leo kuna sentipolia zenye maua meupe, ya waridi na ya rangi mbili. Tena kuna zenye majani yenye mabaka au kingo zilizojikunja. Lakini karibu zote zimetokana na aina chache tu zilizotoka katika milima yetu.

Jaribio: Kuotesha sentipolia kwa jani

Jani la jaribio hili litoke kwenye mmea unaotunzwa nyumbani, au kwa mwuza miche. Usilichume msituni. Kama sentipolia haipatikani karibu na shule yenu, tumieni jani la begonia, ambayo watu wengi huipanda vibarazani. Nayo huweza kuota kwa jani.

*Vifaa:* jani moja la sentipolia lenye kikonyo, kopo dogo au chungu kidogo chenye matundu chini, mchanga safi wa mtoni, mboji iliyochekechwa, wembe safi, chupa kubwa ya kioo au mfuko wa plastiki unaopitisha nuru, maji yasiyo baridi.

*Utaratibu:*

1. Changanya mchanga na mboji kwa kiasi kilicho sawa. Jaza mchanganyiko huo katika kopo, kisha ulowanishe kidogo. Udongo uwe na unyevu, lakini ukiufinya mkononi usitoe maji.

2. Chagua jani lililokomaa lakini lisilozeeka. Majani ya ukingoni kabisa ni mazee, na yale ya katikati kabisa ni machanga. Chukua lililo kati ya hayo.

3. Mwombe mwalimu alikate jani kwa wembe. Kikonyo kibaki na urefu wa sentimita 3 au 4, na kikatwe kwa mshazari.

4. Toboa shimo dogo katika udongo kwa kijiti. Chomeka kikonyo kwa kina cha sentimita 2 hivi, jani likiwa limeinama kidogo. Lisilale juu ya udongo, kwa maana litaoza.

5. Lifunike kwa chupa au mfuko. Weka kopo mahali penye nuru pasipopigwa na jua.

6. Kila baada ya siku chache funua kwa muda mfupi ili hewa ibadilike. Ukiona udongo umeanza kukauka, nyunyiza maji kidogo.

*Matokeo:* Kwa majuma ya kwanza hutaona mabadiliko yoyote. Usilivute jani ili kutazama chini yake, kwani utaikata mizizi michanga. Baada ya majuma matatu au manne mizizi huwa imeota. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani vidogo vikichomoza udongoni chini ya lile jani. Hivyo ndivyo vitoto vya sentipolia. Jani moja huweza kuzaa kitoto kimoja au vingi. Majani ya vitoto yakifikia upana wa sentimita 2 hivi, vitenganishe kwa uangalifu na upande kila kimoja katika kopo lake. Vikitunzwa vema, vitaanza kutoa maua baada ya miezi kadhaa.

*Maelezo:* Kwa nini jani hili huzaa mmea? Kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli. Baada ya jani la sentipolia kukatwa, baadhi ya seli zilizo karibu na mwisho wa kikonyo huanza kugawanyika upya. Seli mpya zinazopatikana hujenga mizizi, na baadaye shina na majani. Katika kipindi hicho jani la zamani hutumia nuru kutengeneza chakula, nacho huvilisha vitoto mpaka viweze kujitegemea. Majani ya mwembe na mpera hayana tabia hiyo. Hunyauka kabla ya kuota mmea.

Na kwa nini tulilifunika jani? Jani lililokatwa halina mizizi ya kunyonya maji, lakini linaendelea kupoteza maji hewani. Kifuniko huzuia unyevu usitoroke. Hivyo chupa yako imekuwa msitu mdogo wa Usambara.

Kutunza sentipolia

*Nuru.* Iweke karibu na dirisha ambalo jua kali la mchana haliingii, au barazani penye kivuli. Jua kali huyachoma majani yakawa na rangi ya manjano. Nuru ikiwa haba mno, vikonyo hurefuka kwa kuitafuta nuru, na maua hayatoki. Geuza chungu kidogo kila juma ili majani yakue sawasawa pande zote.

*Maji.* Sentipolia nyingi hufa kwa kupewa maji mengi kuliko zinavyokufa kwa kiu. Gusa udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu juu, weka chungu ndani ya kisahani chenye maji kwa muda wa nusu saa. Udongo utayafyonza maji kutoka chini kwa kupitia matundu. Kisha mwaga maji yaliyobaki. Udongo ukijaa maji hukosa hewa, nayo mizizi huoza. Usimwagie majani maji baridi, kwa kuwa yatafanya madoa yasiyofutika.

*Udongo na chungu.* Mboji, mchanga na makumbi ya nazi yaliyosagwa hufanya udongo mwepesi unaofaa. Udongo wa mfinyanzi haufai, kwani hushika maji mno. Chungu kiwe kidogo. Upana wake uwe kama theluthi moja ya upana wa majani yalivyotandaa. Kumbuka kwamba kwao mmea huu huishi katika ufa wa mwamba.

*Joto na hewa.* Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 18 na 26 za sentigredi. Kwenye sehemu za joto kali, iweke mahali pa kivuli penye hewa. Ili kuongeza unyevu, jaza changarawe katika sahani, tia maji kidogo, kisha simamisha chungu juu ya changarawe hizo bila kugusa maji.

*Chakula.* Mara moja kwa mwezi changanya mboji na maji, uchuje, uyazimue sana, kisha uyatumie kwa kumwagilia. Mbolea kali huunguza mizizi.

*Usafi.* Ondoa majani makavu na maua yaliyonyauka. Vumbi lisafishwe kwa brashi laini iliyo kavu.

Maradhi na wadudu

Chunguza mmea wako kila juma. Ukiona vitu vyeupe kama pamba katika vikonyo, hivyo ni vidung'ata. Wadudu hawa hufyonza utomvu. Mwalimu awafute kwa pamba iliyochovywa katika spiriti. Ukiona unga mweupe juu ya majani na maua, huo ni ubwiri. Ondoa sehemu zilizougua na uuweke mmea mahali penye hewa. Majani ya katikati yakidumaa na kujikunja, huenda utitiri umeingia. Utenge mmea huo upesi, usije ukaambukiza mingine. Mmea ukilegea ingawa udongo wake umelowa, mizizi imeanza kuoza. Hapo kata jani zima lililo salama na uanze upya kama ulivyofanya katika jaribio. Mara nyingi jani moja huuokoa mmea.

Kwa nini tuilinde sentipolia ya msituni?

Katika milima yetu misitu mingi imekatwa ili kupata mashamba, mbao, kuni na mkaa. Katika Usambara ya Mashariki sehemu za msitu zilifyekwa kwa kilimo cha chai, na nyingine zilifyekwa chini ya miti mikubwa ili kupanda iliki. Mti mkubwa unapoanguka, haufi peke yake. Jua hupenya mpaka kwenye mwamba, kuvumwani hukauka, unyevu hutoweka, na sentipolia iliyokuwa chini ya kivuli chake hunyauka. Hakuna aliyeing'oa wala kuikanyaga. Imekufa kwa kukosa paa la nyumba yake.

Pengine utauliza, “Kuna hasara gani, ikiwa mmea huu umejaa madirishani kote duniani?” Swali hili ni zuri. Ili kulijibu, rudi kwenye zile njia mbili za kuzaana.

Mmea uliozaliwa na jani hurithi kila kitu kutoka kwa mama yake mmoja. Ukiotesha majani mia kutoka mmea mmoja, kwa kawaida utapata mimea mia iliyo sawa kwa urithi. Ikiwa mama hawezi kustahimili ugonjwa fulani, wote mia hawataweza. Lakini mmea uliozaliwa na mbegu iliyotokana na wazazi wawili huchanganya urithi wao, kwa hiyo ndugu hutofautiana. Msituni zimo sentipolia zinazostahimili baridi ya milimani, na nyingine zinazostahimili joto la pwani. Tofauti hizo ni akiba. Mkulima wa maua akitaka kupata sentipolia yenye nguvu mpya, hana budi kuitafuta katika akiba hiyo. Nayo akiba ikiteketea, madirisha yote ya dunia hayawezi kuirudisha.

Tena msitu huo hauhifadhi sentipolia peke yake. Huhifadhi pia maji ya mito inayoteremka kutoka milimani, ambayo watu wa mabondeni na wa mji wa Tanga huyatumia. Mwaka 1997 serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani katika Usambara ya Mashariki, nako huko sentipolia zinalindwa pamoja na miti inayozitia kivuli. Lakini hifadhi haiwezi kulindwa na askari wa misitu peke yao. Kila mwananchi anao wajibu wake.

Wewe unaweza kufanya nini? Usiing'oe sentipolia ya msituni, hata kama ni moja. Mwamba wenye mimea kumi ukitembelewa na watu kumi, kila mmoja akachukua mmoja tu, utabaki mtupu. Ukitaka mmea, omba jani kwa mwenye mmea wa nyumbani. Wako ukikua, mpe jirani yako jani.

Maswali

1. Taja mimea mitatu ipandwayo bila mbegu, na ueleze ni sehemu gani ya kila mmea hupandwa.

2. Kwa nini ni vizuri kuinywesha sentipolia kutoka chini ya chungu?

3. Juma aliiweka sentipolia yake uani juani, akaimwagilia asubuhi na jioni katika udongo wa mfinyanzi. Ilikufa. Taja makosa yake matatu na ueleze namna ya kuyasahihisha.

4. Eleza tofauti iliyopo kati ya mmea uliozaliwa na jani na ule uliozaliwa na mbegu.

5. Mti mkubwa ukikatwa msituni, sentipolia iliyo chini yake hupatwa na nini? Kwa nini?

Kazi ya kufanya

Chomekeni majani manne katika makopo manne. Mawili yafunikeni, na mawili yaacheni wazi. Yote yawekwe mahali pamoja na kupewa maji kwa namna moja. Yachunguzeni kila juma kwa muda wa miezi mitatu. Andikeni katika madaftari yenu mnayoyaona, hata juma ambalo hamtaona badiliko lolote. Mwishoni elezeni ni majani yapi yaliyofanikiwa zaidi, na kwa sababu gani. Vitoto mtakavyopata vigawanyeni: vingine vibaki darasani, na vingine mwapelekee wazazi, pamoja na maelezo ya mahali mmea huu ulikotoka.